Mteremko wa joto: kwa nini kizimba cha nyoka kinahitaji pande mbili

Bibi yangu, kule Lamu, hakuwa na pangaboi wala hakulitaka. Asubuhi ungemkuta dakani akisalimiana na wapitao. Jua likipanda alihamia chumba cha ndani kabisa, kile chenye kuta za mawe na chokaa zenye unene wa dhiraa nzima. Alasiri alitoka uani, na usiku wa kaskazi mkeka ulipandishwa juu, chini ya paa la makuti, apunge upepo. Nyumba ilikuwa ileile. Yeye ndiye aliyekuwa akihama, akilifuata joto analolitaka na kulikimbia asilolitaka.

Wafugaji wa nyoka wana jina la nyumba ya namna hiyo. Wanasema ina mteremko wa joto.

Maana yake ni nyepesi. Ni joto kupungua kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa mahali hadi wa pili, kama ardhi inavyoshuka kutoka mlimani kwenda bondeni. Kwenye kizimba, pembe moja huwa na nyuzi 32, ya mkabala huwa na 25, na katikati pana kila kiwango kilichomo baina ya hizo mbili. Nyoka hupanda na kushuka mteremko huo mwenyewe. Kazi ya mfugaji ni kuutengeneza na kuulinda, basi.

Umuhimu wake hauonekani mpaka tuliweke kando neno "damu baridi", ambalo tulifundishwa shuleni na ambalo limepotosha wengi. Chatu aliyeota jua saa nzima hana damu baridi hata chembe. Ukweli ni kwamba mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, huliazima nje. Mimi na wewe tukila wali, tumbo linaanza kazi papo hapo hata kama kumepoa. Nyoka akimeza panya, usagaji unangoja mwili upate moto. Asipoupata, yule panya huanza kuoza ndani, na baada ya siku kadhaa hucheuliwa. Harufu yake sitaieleza. Halafu nyoka huyohuyo, akishamaliza kusaga, au akiwa amepumzika tu, hutaka pahali pa poa, maana joto likizidi huchosha mwili na likizidi zaidi huua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, "Nyoka huyu anataka nyuzi ngapi?" mimi humrudishia swali: sasa hivi ni saa ngapi, na amekula lini?

Nimewahudumia nyoka kwa miaka kadhaa katika kituo kimoja chenye kibali huku upande wa Malindi, na nilianza kazi hiyo nikiwa nimejaa maagizo ya vitabu. Karibu vyote vimeandikwa Ulaya na Marekani, kwa watu ambao nyumba zao ni za baridi. Kila ukurasa unakufundisha kuongeza moto: mkeka wa joto, balbu, taa ya usiku. Nikayafuata. Kizimba cha mbao chenye kioo mbele, nikakiweka juu ya meza karibu na dirisha la magharibi ili wageni wakione vizuri, nikawasha na balbu juu. Ilikuwa mwezi wa Machi. Siku ya pili nilimkuta nyoka amejitumbukiza mzima kwenye bakuli la maji, kichwa tu juu. Nikadhani anacheza. Mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi pale kabla yangu alipitisha mkono ndani ya kizimba, akautoa, akaniambia, "Bwana, hili ni tanuri."

Kioo hukaribisha mwanga wa jua ndani na kuzuia joto lisitoke. Alasiri ile kipimajoto kilisoma 37 upande wa "baridi", na upande wa pili sikutamani hata kupima. Nyoka yule alipona kwa sababu ya bakuli. Bila bakuli angekufa, na mimi ningekuwa nimemuua kwa kufuata maagizo yaliyo sahihi kabisa, ila si ya hapa.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji wa pwani alishike. Huku kwetu kilicho adimu katika mteremko si moto, ni upande wa poa. Chumba cha Malindi mwezi wa Machi chenyewe kimesimama nyuzi 31 au 32 mchana. Huna haja ya kupasha. Una haja ya kupata pembe moja ya kizimba isiyozidi 26 au 27, na hiyo hainunuliwi dukani. Kizimba kikae chumba cha ndani, mbali na dirisha na mbali na dari la mabati. Kikae chini, karibu na sakafu ya saruji, si juu ya kabati ambako hewa ya moto hujikusanya. Upande wa poa weka kigae kikubwa au bapa la jiwe la matumbawe, vitu ambavyo tumbo la nyoka likivigusa hupoa. Wavu wa hewa uwe sehemu mbili, mmoja chini upande wa poa, mwingine juu upande wa moto, ili joto lipande na kutoka na hewa mpya iingie nyuma yake. Wavu mmoja tu kwenye kifuniko hauleti upepo.

Mimi huongeza na kipande cha mtungi uliovunjika, nimekifunika kifudifudi na kukilowesha kwa nje asubuhi. Maji yakikauka huondoka na joto, kama mtungi wa maji ya kunywa unavyofanya. Hewa ya pwani imejaa unyevu, kwa hiyo maji hayakauki haraka na usitegemee miujiza, lakini kidogo kinachopungua hakidharauliki.

Upande wa moto ni rahisi zaidi, na hatari yake ni moja: kuuachia moto bila kizuizi. Mkeka wa joto usio na themostati huendelea kupanda hadi kuunguza, na nyoka mara nyingi hubaki palepale akiungua tumbo badala ya kuondoka. Themostati hukata umeme joto likifika ulipoweka. Waya wake wa kupimia ukae pale hasa nyoka anapolala, si ukutani. Balbu nayo izungushiwe wavu, maana nyoka huizunguka. Na usiweke chanzo cha joto katikati ya kizimba. Kiweke mwisho mmoja, la sivyo hakuna mteremko, pana kilima.

Kilima hicho nilikiona kwa macho kwenye simu. Mpwa wangu anaishi Ujerumani na amefuga nyoka wa mahindi, wale wekundu wa Marekani wasio na sumu. Mwezi wa Januari aliniletea video. "Mjomba, wangu kacheua mara mbili, na moto nimemwekea." Kweli alikuwa ameweka, balbu katikati, na chumba chake kina nyuzi 19. Lakini kosa kubwa halikuwa hilo. Ndani ya kizimba kulikuwa na pango moja tu la kujifichia, na alikuwa ameliweka pembeni kabisa, kwenye baridi. Nyoka akichaguzwa baina ya joto na usalama, huchagua usalama. Yule maskini alikuwa amejificha kwenye baridi na panya tumboni, kwa sababu kwenye joto hapakuwa na pa kujistiri. Nilimwambia asogeze balbu mwisho mmoja, na aweke mapango mawili yanayofanana, moja kila upande. Tangu hapo hajaniletea video nyingine ila za kujisifu.

Maficho mawili basi ni sehemu ya mteremko wenyewe, si pambo. Pango liwe la kumbana, ajisikie kuta zinamgusa. Kwa nyoka mdogo, kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kinatosha, ila kisiwe na makali.

Urefu nao unatokana na dhana hiyohiyo. Kizimba cha sentimita 30 hakiwezi kubeba joto mbili, balbu ikiwaka chote kinapata moto. Nyoka wa mahindi mkubwa hufika mita 1.2 au kupita, na kizimba cha mita 1.2 kwa sentimita 60 kinampa mteremko wa kweli na nafasi ya kujinyoosha. Zamani ilisemwa kwamba nyoka hahitaji kujinyoosha. Mimi sikubali, nimewaona wakijinyoosha kila walipopata nafasi. Na kila mahali panapopita kichwa, mwili wote hupita, kwa hiyo angalia mianya ya mlango kabla ya kuangalia urembo, na weka komeo.

Kila aina ina mteremko wake. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa, hutaka nyuzi 31 hadi 33 upande wa moto, na hewa yenye unyevu ili ajivue gamba vizuri. Yule boa wa mchanga wa nchi zetu kavu za bara, Eryx colubrinus, ambaye amesafirishwa hadi kufugwa dunia nzima, hutaka moto zaidi na ukavu, na huishi kwa kujizika. Kwake mteremko uko pia chini ya mchanga: juu ni moto, kina kidogo chini ni poa. Huyo ukimlowesha matandazo anayolalia ukimlinganisha na chatu, utamletea vidonda kwenye ngozi ya tumbo.

Juu ya matandazo, jambo moja linanichekesha. Wafugaji wa Ulaya hununua kwa pesa nyingi makumbi ya nazi yaliyosagwa na kushindiliwa kama matofali. Sisi tunayachoma.

Lakini kabla ya kuokota mbao na misumari: Kenya, mnyamapori yeyote, nyoka akiwemo, hafugwi bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Nyoka wa shambani aachwe shambani, na wa sumu waachiwe waliofunzwa. Anayetaka kuona vizimba vilivyopangwa na watu wa kazi hiyo, shamba la nyoka la Bio-Ken liko Watamu, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, mwendo mfupi tu kutoka Malindi.

Kizimba kikishakamilika, weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, kisha mwangalie nyoka mwenyewe, maana yeye ndiye kipimajoto cha tatu. Akiganda upande wa moto siku nzima, kizimba chote ni baridi. Akishinda majini, ni moto, au ana utitiri, mkague magambani. Akizunguka bila kutulia akisugua pua kwenye kioo, amepima pande zote na hakupata anachokitaka. Akiwa leo huku, kesho kule, na baada ya kula anaelekea kwenye joto, muache.

Mimi kuanzia Desemba, kaskazi ikianza kuvuma, nikiingia kazini huwa sisomi kipimajoto cha upande wa moto. Nachutama kwanza upande wa mtungi, saa tisa alasiri, wakati jua limeukalia ukuta wa magharibi.