Kivuli cha mvua si ukame

Kivuli cha mvua ni upande wa mlima ulioupa kisogo upepo wenye unyevu, ambako mvua ni haba kwa sababu mlima umeshaikamua hewa kabla haijafika. Hakihusiani na kiza cha mawingu wala jua kufichwa.

Dhana hii ikieleweka, ule usemi kwamba "Mbeya ni mvua, Iringa ni kukavu" hausimami. Mvua hufuata safu za milima, haifuati mpaka wa mkoa. Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoa wa Mbeya, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka; Rujewa, mkoa huohuo wa Mbeya, ipo katika bonde la Usangu linalopata kama 600 hadi 800. Iringa nako, Mufindi kwenye ukingo unaotazama Kilombero wanachuma chai, ilhali Pawaga na Isimani, nyuma ya milima ya Udzungwa, ni nchi ya mtama. Kwa mvua, Pawaga iko karibu na Rujewa kuliko na Mufindi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Upepo wa kusi unatoka Kyela, mita 500 juu ya usawa wa bahari, ukiwa na nyuzi 28. Ukipanda, hewa isiyo na wingu hupoa kama nyuzi 10 kila mita 1,000. Tuseme wingu linaanza kwenye mita 1,200, nyuzi 21. Kuanzia hapo mvuke unageuka maji na kutoa joto, kwa hiyo hewa inapoa taratibu, kama nyuzi 6 kwa mita 1,000. Kwenye mgongo wa milima ya Uporoto, iliyo kati ya Rungwe na Usangu, mita 2,500, ni nyuzi 13, na maji yameshabaki Rungwe. Ikishukia Usangu, mita 1,000, inapata joto kwa nyuzi 10 kila mita 1,000 na kufika na nyuzi 28. Kama isingeumwaga unyevu wake njiani, ingefika na 23. Hewa ya namna hiyo hukausha udongo badala ya kuunyeshea. Ndiyo maana kuanzia Mei Tukuyu bado kunanyesha, huku Chimala, upande wa Usangu, vumbi limeshaanza.

Sasa ukame. Ukame ni mvua kupungua chini ya kawaida ya mahali penyewe, na kawaida hiyo hupimwa kwa wastani wa miaka 30. Huja, ukaondoka. Kivuli cha mvua hakiondoki, maana milima haihami. Kwa hiyo Rungwe inaweza kupata ukame kwa milimita 1,400, na Isimani ikawa na mwaka mzuri kwa nusu ya hizo. Anayeita kila kiangazi cha Isimani ukame husubiri mwaka mzuri ili apande mahindi ya siku 150 hadi 180. Mvua inakata yakiwa kwenye mbelewele, na magunzi yanatoka mapengo.

Na miti? Je, si kukatwa kwake ndiko kulikoleta ukavu huu? Kukata misitu ya Uporoto kunaharibu vyanzo vya mito inayolisha majaruba ya Mbarali, wilaya yenye Rujewa na Chimala, na hilo ni baya vya kutosha. Lakini bonde la Usangu lilikuwa kivulini tangu milima hiyo iinuke.

Kwa hiyo mtu akisema Mbarali kuna ukame kila mwaka, mwambie kwa upole kwamba Mbarali iko kwenye kivuli cha mvua, na umuulize mwaka huu imepungukiwa milimita ngapi.