Je, wajua kwa nini samaki hufa pale tu tangi linapooshwa likang'aa?

Hili swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeamua niliandikie, na huwa linakuja hivihivi: mbona tangi lilivyokuwa chafu samaki walikuwa wazima, nimeliosha vizuri kabisa halafu siku ya pili nakuta wawili wameelea tumbo juu? Juzi kati kaniuliza mama mmoja jirani yangu hapa Sakina, Arusha. Alikuwa na goldifishi watano, miezi minane hawajawahi kumsumbua, sasa Jumamosi mgeni anakuja akasema aah hili tangi litaniaibisha, akawatoa samaki akawaweka kwenye beseni, akamwaga maji yote, changarawe akazisugua na sabuni ya unga, sponji ya filta akaikamua bombani mpaka ikawa kama imetoka dukani leo, akajaza maji ya bomba, akawarudisha. Likapendeza kweli, mgeni akapiga na picha. Jumatatu asubuhi watatu wamekufa.

Hapo nyumba nzima ikaanza kutafuta mchawi. Mzee wake akasema ni floraidi, si unajua sisi wa Arusha kila kitu tunaisingizia floraidi kwa sababu ya haya meno yetu ya kahawia. Ni kweli maji ya huku yakipita kwenye miamba ya volkano ya mlima Meru yanabeba floraidi nyingi, ila samaki walikuwa kwenye maji hayohayo toka siku ya kwanza, iweje iwaue Jumatatu hiyo tu?

Kilichowaua ni amonia. Samaki anatoa amonia muda wote, tena nyingi inatokea kwenye matamvua yake, yaani kupumua tu tayari anachafua maji, na chakula kilichobaki chini kikioza kinaongeza nyingine. Haina rangi, kwahiyo maji yanaweza kuwa meupe kama ya chupa na bado yanaunguza matamvua. Kwenye tangi lililozoea kuna bakteria wanaoila hiyo amonia. Kundi la kwanza linaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, inaingia kwenye damu ya samaki inaifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndio unamuona kapanda juu anahema mdomo wazi wakati pampu ya hewa inafanya kazi. Kundi la pili linaichukua naitraiti linaigeuza naitreti, na hiyo haina shida mpaka irundikane sana. Mrusi mmoja anaitwa Sergei Winogradsky ndio aliwatenga bakteria wa namna hii, ilikuwa kama 1890 hivi, na wala hakuwa na habari na samaki, alikuwa anachunguza udongo. Kazi ni ileile inayofanyika kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, kule Moshi, samadi inamwagwa chini ya migomba, wadudu hawahawa wanaigeuza ndio mgomba unapata cha kula.

Sasa hao bakteria hawaogelei kwenye maji, wengi wamejishika kwenye vitu, na makazi yao makubwa ni sponji ya filta, halafu changarawe, halafu ule utelezi wa kwenye vioo. Ule utelezi ambao mtu anauona uchafu. Jirani yangu Jumamosi ile aliwamaliza kwa sabuni, waliobaki akawamaliza kwa klorini ya bomba, ile dawa ya kuulia vijidudu, samaki wote watano akawaacha waendelee kuchafua kama kawaida. Ni kama uende soko la Kilombero ufukuze wazoa taka wote halafu wauzaji uwaambie endeleeni na biashara. Na hawarudi haraka hawa, bakteria wengine wanaweza kujigawa kila baada ya dakika 20, hawa inawachukua masaa mengi hadi siku nzima, ndio maana tangi jipya linahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kabla halijatulia, na ndio maana ukinunua tangi leo ukaweka samaki kumi leoleo unajitafutia msiba.

Huku kwetu kuna kitu cha ziada. Maji mengi ya Arusha yana magadimagadi, pH yake iko juu (pH ni kipimo cha uchachu na magadi ya maji, 7 ni katikati, juu yake ni magadi), na amonia ukali wake unafuata pH. Maji yakiwa na pH 7, kwa joto la kawaida la tangi, amonia iliyo kwenye hali ya kuua ni chini ya 1 kwa 100, iliyobaki iko kwenye hali isiyo na makali sana. Ikifika pH 8 inakuwa kama 5 kwa 100. Uchafu uleule, sumu mara kumi hivi. Wa mikoa yenye maji laini wanaweza kuzembea kidogo wakapona, sisi hatuna hiyo nafasi, ingawa maji hayahaya kuna samaki wanayapenda, wale wa ziwa Tanganyika kwa mfano, kwao pH inazidi hata 8.5 na wako raha mustarehe.

Alafu baridi. Usiku wa Julai hapa nje inashuka mpaka nyuzi 12 au 13, na tangi langu lisilo na hita asubuhi lilisoma 18. Goldifishi anavumilia, gapi, kale kasamaki kadogo ka maji ya joto, ananuna, na bakteria nao wanapunguza kasi ya kazi. Kwahiyo msimu wa baridi punguza chakula, kwanza samaki mwenyewe hana njaa. Chakula chochote ambacho hakijaisha ndani ya dakika mbili tatu ni kingi, wengi tunaua kwa upendo tu wa kulisha.

Kuosha kwenyewe sikatai, ila osha nusunusu. Kila wiki toa robo ya maji hivi, jaza mengine ambayo yamelala kwenye ndoo wazi siku moja au mbili ili klorini ipae, na yawe yamekaa sebuleni karibu na tangi yafanane joto, sio uyatoe bombani saa kumi na mbili asubuhi yakiwa barafu uyamimine. Sponji usiipeleke bombani kabisa, ikamue ndani ya yale maji uliyoyatoa kwenye tangi, itoke tope basi, ibaki na rangi yake ya udongo. Sabuni isiguse chochote. Na yale maji machafu mwagia mchicha, yana naitreti, utaona majani yanavyokolea. Umeme ukikatika masaa mengi, filta ya kopo lililofunikwa, bakteria wake wanakosa oksijeni, kwahiyo itoe sponji iache ielee ndani ya tangi mpaka umeme urudi.

Kwa jirani tulifanya hivi: wale wawili waliobaki tukawabadilishia maji kidogo kila siku, chakula tukakata, halafu nikampigia rafiki yangu wa Moshi mjini, kule chini ni joto kidogo, hana hita na gapi wake wanazaa kama panya, nikamwambia nipe kipande cha sponji yako chafu. Alicheka sana. Akakikata, akakiweka kwenye mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi, akanitumia na kosta, kilometa kama 80 tu, kikafika bado kibichi, tukakisukumia ndani ya filta ya jirani siku hiyohiyo. Yaani bakteria wamepanda gari, kondakta hajui amebeba abiria wangapi.

Wale wawili wapo mpaka leo. Kioo cha nyuma kimeota ukijani na mama wa watu haugusi, akisikia mgeni anakuja anashusha pazia upande ule.