Salsa ya peke yako nyumbani: kwanza uzito, kiuno kitafuata chenyewe

Wengi wanaoniuliza kuhusu salsa huanza kwa kujitetea: "Mwalimu, natamani sana, ila sina mtu wa kucheza naye." Huwa nawajibu kwamba hilo silo tatizo lao. Tena kwa mtu anayeanza, afadhali asiwe na mtu. Ukishikwa mkono mapema, unajifunza kumwegemea mwenzako: akienda unakwenda, akisimama unasimama, na kumbe miguu yako haijui lolote. Ukiwa peke yako chumbani huna wa kumwegemea.

Isitoshe, kucheza bila mwenzi ni sehemu halali ya ngoma hii. Salsa ilipata jina na umbo lake New York katika miaka ya 1960 na 1970, kwa wanamuziki wenye asili ya Puerto Rico, Kuba na Jamhuri ya Dominika waliojenga juu ya son na mambo, mitindo ya muziki na dansi ya Kuba. Fania, lebo ya muziki iliyoisambaza duniani, ilianzishwa mwaka 1964. Kabla yake, miaka ya 1950, wachezaji wa mambo waliokuwa wakijaa ukumbi wa Palladium mjini humo walikuwa na kawaida ya kuachiana mikono katikati ya wimbo, kila mmoja akaonyesha miguu yake. Kawaida hiyo ingali hai katika salsa ya New York mpaka leo, na Eddie Torres, mwalimu aliyeipanga na kuifundisha kwa hesabu, ametoa vizazi vya wachezaji wanaoweza kumaliza wimbo mzima bila kumgusa mtu. Hatua hizo za peke yako mimi naziita madoido.

Sasa twende kwenye miguu.

Hatua ya msingi ni rahisi kuielezea. Muziki unahesabiwa mapigo nane. Pigo la kwanza, mguu wa kushoto unakwenda mbele. La pili, unarudisha uzito kwenye mguu wa kulia ulioubakiza pale pale. La tatu, kushoto unarudi katikati. La nne hupigi hatua. La tano, mguu wa kulia unakwenda nyuma; la sita, uzito unarudi kushoto; la saba, kulia unarudi katikati. La nane, tena hupigi hatua. Basi. Hapo unaanza upya.

Mtoto wa miaka sita anaikariri kwa dakika tano. Lakini kuikariri si kuicheza, na tofauti yake iko kwenye kitu kimoja ambacho video nyingi za mtandaoni hukipita haraka: uzito wa mwili uko mguu gani. Fanya jaribio hili sasa hivi, bila muziki. Piga hatua moja mbele na mguu wa kushoto, simama hapo, kisha nyanyua mguu wa kulia uliobaki nyuma. Ukinyanyuka bila mwili kuyumba, uzito umehama. Ukilazimika kwanza kujivuta mbele ndipo unyanyuke, basi hukupiga hatua. Uligusa sakafu tu. Rudia jaribio hilo kwenye kila hatua, zote sita. Wengi hukwama kwenye pigo la tatu na la saba, pale miguu inapokutana katikati: wanasimama wima juu ya miguu yote miwili kama wako gwaride, kisha pigo linalofuata likifika hawajui watoe mguu upi.

Hatua iwe fupi, isizidi urefu wa unyayo wako. Muziki wa salsa una kasi. Nyimbo nyingi ziko kati ya mapigo 160 na 220 kwa dakika. Kwenye 180 hiyo ni mapigo matatu kila sekunde, na mtu anayepiga hatua ndefu hawezi kurudi kwa wakati hata awe na nguvu za farasi. Ndiyo maana nafasi si kisingizio. Ile sehemu iliyo kati ya kitanda na kabati inatosha kabisa, na chumba kidogo kitakulazimisha kucheza vizuri.

Sasa kiuno, kwa sababu najua ndicho mlichokijia. Kiuno cha salsa hakichezeshwi. Anayekichezesha kwa makusudi anaonekana mara moja: mabega yanakwenda huku na huku, tumbo limekazwa, uso una kazi. Mwendo ule unatoka kwenye magoti. Mguu unatua goti likiwa limekunjwa kidogo, kuanzia mbele ya unyayo. Uzito unaingia. Goti linanyooka, na linaponyooka nyonga ya upande ule inasukumwa nje na juu kidogo, wakati goti la pili linakunjwa kujiandaa. Simama mbele ya kioo, miguu sambamba, kunja goti la kulia huku ukinyoosha la kushoto, kisha badilisha, polepole, bila kugusa kitu kingine. Utaiona nyonga inakwenda yenyewe. Hiyo ndiyo siri yote, na kwa watu wetu waliokulia kwenye ngoma na harusi huwa haichukui muda. Kinachochukua muda ni kuyatuliza mabega.

Pale kwenye pigo la nne na la nane, usigande. Hupigi hatua, lakini uzito unaendelea kuzama na goti linaendelea kunyooka. Kimya kile ndicho kinachoifanya salsa ipumue. Anayekijaza kwa kugusa sakafu na kidole hajakosea, mradi kidole hicho kisibebe uzito.

Tuje kwenye kusikiliza, maana hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapopotelea. Sikio la mtu aliyezoea bongo fleva au amapiano linatafuta besi. Kwenye salsa besi itakuponza. Kwa kawaida gitaa la besi linaruka pigo la kwanza: linapiga katikati ya la pili na la tatu, kisha kwenye la nne, na noti ile ya la nne inashikiliwa kuvuka mpaka pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Ukiifuata kwa miguu utakuwa unawahi daima, na hutajua kwa nini.

Tafuta tumba badala yake, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono. Mpigaji tumba ana mchoro anaourudia karibu wimbo mzima: kofi kali kwenye pigo la pili na la sita, kisha milio miwili ya wazi inayofuatana, ku-ku, kwenye la nne na tena kwenye la nane. Yaani ule ku-ku unalia wakati wewe umetulia, kama mtu anayekusukuma mgongoni kabla ya hatua inayofuata. Keti kitandani, weka wimbo, na usicheze kabisa. Piga makofi kila unaposikia ku-ku. Ukiweza kufanya hivyo wimbo mzima, simama, na hatua yako ya pigo la kwanza au la tano itakuja mara tu baada yake. Wimbo ukichangamka, waimbaji wakianza kuitikiana, mara nyingi utasikia kengele ya chuma. Milio yake mizito huangukia kwenye la kwanza, la tatu, la tano na la saba. Hapo hata aliyepotea anarudi njiani.

Kuna pia vile vijiti viwili vya mbao, clave, ambavyo muziki mzima umejengwa juu yake: milio mitano kwa kila mapigo nane, mitatu upande mmoja na miwili upande wa pili. Anayeanza asijisumbue navyo. Wapo walimu wanaolazimisha clave siku ya kwanza, na naona wanawatisha watu bure.

Kuhusu kuhesabu: usijaribu kutamka "moja, mbili, tatu" zote kwa kasi ya muziki, ulimi utachoka kabla ya miguu. Tamka "moja" na "tano" tu, mengine iachie miguu.

Sikio letu, kwa kweli, haliendi mikono mitupu. Santuri za Kuba za mfululizo wa GV zilienea Afrika tangu miaka ya 1930, zikawa mojawapo ya mizizi ya rumba ya Kongo na ya dansi letu la Afrika Mashariki. Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa bahati. Na mwaka 1974 Fania All Stars, kundi la wanamuziki wa lebo ile, walipiga Kinshasa, mwimbaji Celia Cruz akiwa jukwaani, kwenye tamasha lililofungamana na pambano la ndondi la Ali na Foreman. Mtu aliyekulia nyumba yenye dansi la zamani akiambiwa asikilize tumba, anajua anaambiwa nini. Mwache atumie alichonacho.

Sakafu na viatu vinastahili maneno machache kwa sababu magoti hayana vipuri. Raba zenye soli inayong'ang'ania ni hatari ukianza kuzunguka: mwili unageuka, unyayo unabaki, goti linajipinda katikati yao. Soksi juu ya marumaru ni hatari ya upande wa pili. Ndala usifikirie. Tafuta kiatu chepesi chenye soli laini ya ngozi. Ukikosa, mpelekee fundi viatu kiatu cha zamani kinachokubana vizuri akubandikie kipande cha ngozi chini. Saruji iliyosuguliwa vizuri ni sakafu nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Zulia zito likunje kabisa kabla ya kugeuka.

Simu yako itumie kwa njia mbili. Kwanza, chagua video ambazo mwalimu amerekodiwa kutoka mgongoni, ili kushoto kwake kuwe kushoto kwako, na uipunguze kasi. Pili, jirekodi, lakini simu iweke chini ielekee miguuni. Ukijirekodi usoni utashughulika na uso. Ukiona unyayo unaotua bila kisigino kushuka, uzito haujaingia, rudi kwenye jaribio la kunyanyua mguu. Dakika 15 kila siku zitakufikisha mbali kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu mwili unakariri ukiwa umelala.

Mzunguko usiuguse mpaka hatua ya msingi imekaa. Ukifika wakati wake, kwenye la kwanza piga kushoto mbele, kwenye la pili geuka nusu kwa upande wa kulia uzito ukitua kwenye mguu wa kulia, kwenye la tatu malizia nusu iliyobaki ukitua kushoto. La tano, la sita na la saba ni kama kawaida. Chagua alama ukutani, kalenda au swichi ya taa, macho yabaki pale mpaka shingo ishindwe, kisha kichwa kiwahi kurudi pale pale. Anayetazama sakafu anapata kizunguzungu na anatua vibaya.

Na kabla hujaanza kukusanya madoido, jifunze hatua ya msingi upande wa pili pia: mguu wa kulia nyuma kwenye la kwanza, kushoto mbele kwenye la tano. Kwa desturi upande mmoja ni wa anayeongoza na mwingine wa anayefuata, na video nyingi hukufundisha mmoja tu kulingana na jinsia yako. Ukiwa peke yako hakuna sababu ya kuchagua. Wanafunzi wangu wanaokuja darasani wakiwa na pande zote mbili hawapati tabu ya kusubiri wapangiwe mtu. Wanacheza na yeyote aliyesimama mbele yao.