Saa mbili za kunyonyesha si hisani: dhana potofu kuhusu wazazi na walezi kazini Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho unapoanza kuelekea Oktoba, wanawake wengi wa mikoa hii huingia kazini kwa wingi, wengine kwenye maghala, wengine kwenye viwanda vya kubangua, na si wachache miongoni mwao wana mtoto mchanga nyumbani au mimba tumboni. Hapo ndipo husikika kauli ambazo zimerudiwa mara nyingi mpaka zikachukuliwa kuwa sheria.

Kauli inayoumiza zaidi ni hii: "Huyu ni wa msimu tu, likizo ya uzazi haimhusu." Ni kweli kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kuwa mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo, na nadhani waajiri wengi huacha kusoma hapo. Sheria hiyohiyo inaendelea kusema kwamba mwajiriwa wa msimu anayo haki ya likizo hiyo. Vilevile, aliyeajiriwa zaidi ya mara moja katika mwaka mmoja na mwajiri yuleyule hupata haki hiyo ikiwa vipindi vyake vyote kwa pamoja vinazidi miezi 6. Kwa hiyo mwajiri anayemwita mbanguaji yuleyule, akamwachisha na kumwita tena, hawezi kujificha nyuma ya neno "kibarua" bila kwanza kuhesabu miezi.

Wengine hukiri likizo, lakini huamini kwamba siku zake zikiisha, wajibu wa mwajiri nao umekwisha. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni wiki 12 tu, ilhali wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Pengo hilo ndilo sheria inalojaribu kuliziba inapomtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Tatizo ni kwamba saa hizo hupotea njiani: mama anayeishi Mikindani na kufanya kazi mjini Mtwara, akisubiri daladala kwenda na kurudi, atamnyonyesha mtoto kwa haraka na kurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Chumba kidogo karibu na lango, chenye mkeka, kivuli na maji, ambako bibi au dada wa nyumbani anaweza kumleta mtoto, hakimgharimu mwajiri mengi. Kisiwe ndani ya banda la kubangulia, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mama apewe nafasi ya kunawa vizuri kabla ya kumshika mwanawe. Kama kazi yenyewe inahatarisha afya yake au ya mtoto, mwajiri anatakiwa kumtafutia kazi nyingine inayofaa pale inapowezekana.

Kuhusu hofu kwamba kuajiri wasichana ni kujitafutia hasara, jibu ni fupi. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito au majukumu ya familia, na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito si halali. Aliyeachishwa hivyo ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tena hasara ya kweli ni kumpoteza mbanguaji mzoefu, ambaye mkono wake unatoa korosho nzima bila kuivunja, na kuanza kumfundisha mgeni katikati ya msimu.

Dhana ya mwisho ni kwamba ulezi ni jambo la mama peke yake. Baba naye ana angalau siku 3 zenye malipo, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, na mwajiriwa yeyote ana angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki. Siku hizo hutolewa pia kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Mjomba hayumo. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ambao kwa desturi ukoo hufuata upande wa mama, mjomba huenda ndiye aliyemlea mwajiriwa na kumsimamia hata harusi, na ugonjwa wa mzazi mzee nao haumo katika orodha hiyo. Sheria imeweka kiwango cha chini, haikumfunga mwajiri mikono: anaweza kumbadilishia zamu mtu anayemsindikiza mama yake kutoka Newala hadi hospitali ya Ndanda, au kumpa siku za msiba wa mjomba na kuziandika kwenye mkataba, ili ruhusa isitegemee msimamizi ameamkaje siku hiyo.