Jiko dogo: vyombo vipimwe kwanza, ukuta baadae

Mi ni fundi makabati hapa Dar na kazi zangu nyingi ni majiko madogo, yale ya futi sita kwa saba kwenye nyumba za kupanga za Tabata, Sinza, Mbagala, sinki kwenye kona, dirisha moja, na mlango unafungukia ndani unakula nafasi ya mtu kusimama. Mteja akipiga simu ni lilelile, fundi jiko langu dogo nataka kabati. Futi ya kupimia siitoi kwanza. Namwomba atoe vyombo vyote avipange sebuleni kwenye mkeka, sufuria, mabeseni, ndoo ya unga, kinu, mbuzi, hotipoti, kila kitu, afu ndo tunaongea.

Hapo ndo mnaona ukweli wenyewe. Nyumba nyingi ninazoingia karibu nusu ya vyombo ni vya wageni, sahani za Idi, sufuria kubwa za pilau, na hivyo ndo vimekaa karibu na mkono, huku sufuria ya ugali wa kila siku haina pake inabaki juu ya jiko mpaka kesho. Kwaiyo kazi ya kwanza haihitaji hata msumari: cha kila siku kikae kati ya kiuno na macho, cha sikukuu kipande juu kabisa karibu na dari. Bibi zetu hili walilijua, jikoni kijijini kuna uchaga juu ya mafiga, mahindi ya mbegu yanakaa huko yanapigwa moshi wadudu wasiyaguse, chini pako wazi mtu anapika. Sisi mjini tunatengeneza kabati la chini tu afu ukuta wote wa juu unabaki na rangi.

Sasa hilo kabati la juu, watu wanalitaka nene wakidhani ndo litabeba vingi. Sahani kubwa ya kulia ni kama inchi 10 au 11, kabati la inchi 12 kwenda ndani linatosha kabisa. Ukilifanya 20 vya nyuma huvioni tena, unanunua siki nyingine kumbe ipo, na ukiinama kwenye sinki unaligonga na kichwa. Kutoka juu ya meza mpaka chini ya kabati acha inchi 18 hadi 20, blenda isimame. Na mashelfu yasigawanywe sawasawa jamani, hili nalisema kila siku, vikombe vinataka inchi 5 au 6 tu, ukivipa 14 ile hewa iliyobaki juu yake umeilipia mbao bure.

Sufuria ziingiane, mifuniko isimame: nyuma ya mlango wa kabati napigilia vijiti viwili, mifuniko inachomekwa hapo kama vitabu. Mbuzi ikunje uitundike ukutani kwa kulabu, mwiko na upawa vilevile.

Mtungi wa gesi ndo sehemu ambayo sikubaliani na mteja hata aongeze hela. Wengi wanataka ufichwe ndani ya kabati lenye mlango ili jiko lipendeze. Hii gesi yetu ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka inalala chini, na ndani ya kabati lililozibwa inajikusanya tu ikisubiri cheche. Kama lazima ukae ndani basi mlango nauacha wazi kwa chini au naweka matundu chini kabisa usawa wa sakafu, ila mi napenda zaidi ukae nje kwenye kibanda chake mpira upite ukutani. Najua unakula nafasi, lakini nyumba ina watoto.

Chini ya sinki usiweke MDF, zile bodi za unga wa mbao uliogandamizwa. Mwanzo wa kazi nilimwekea mama mmoja, bomba likawa linadondosha taratibu, baada ya miezi kabati limevimba kama mkate na bawaba zimeng'oka, nikamtengenezea upya kwa pesa yangu. Siku hizi hapo ni marine bodi tu, ile plaiwudi inayostahimili maji, na kabati linasimama kwenye miguu ya inchi 4, unadeki chini na mende hawapati pa kulala.

Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya skweya paipu, yale mabomba ya chuma ya pembe nne, upana futi 3, kwenda ndani futi 1 na nusu, urefu futi 6. Shelfu ya kwanza ianzie inchi 18 au 20 kutoka sakafuni, pima dumu lako kwanza, maana hapo chini ndo pa madumu ya lita 20 ya siku za mgao, unga na mchele juu yake, vyepesi juu kabisa. Mwambie fundi aifunge kwa bolti asiichomelee yote, ukihama unaifungua unaipakia kwenye kirikuu pamoja na godoro.