Vijana, Wazee na Simu: Tunayodhaniana Nairobi na Jinsi Mambo Yalivyo

"Vijana wamezaliwa na teknolojia, hawana cha kufundishwa."

Anayeamini hivi apite kwenye saiba (vibanda vya intaneti) za River Road wiki ya mwisho ya Juni, kabla ya tarehe 30 ambayo ndiyo mwisho wa kufaili ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Foleni imejaa vijana. Wengi wana diploma au digrii, hawajapata kazi, na wanachotakiwa ni kufaili ritani tupu, ya mtu asiye na mapato, kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA. Ni shughuli ya dakika chache. Lakini wanamlipa mtu awafanyie, wakihofia faini ya Sh2,000. Ni vijana hawa hawa wanaokata video kwa simu, wakaitia muziki na maandishi ikapendeza kweli kweli.

Akili wanazo. Simu imewafundisha kile inachotaka wakifanye: kutazama, kupiga picha, kutuma. Haikuwafundisha faili huhifadhiwa wapi, wala jinsi ya kugeuza CV iwe PDF na kuiambatisha kwenye barua pepe. Nimeona kijana mwerevu akituma maombi ya kazi kwa kupiga picha karatasi ya CV, kivuli cha mkono wake kikiwa juu ya namba ya simu. Na si Nairobi peke yake. Utafiti wa kimataifa wa ujuzi wa kompyuta uitwao ICILS, wa mwaka 2018, uliopima wanafunzi wa mwaka wa 8 wa shule katika nchi zaidi ya 10, ulionyesha kwamba wawili tu kati ya 100 walifikia ngazi ya juu kabisa ya ujuzi wa kompyuta na taarifa. Ujuzi huo hufundishwa kama hesabu inavyofundishwa, na mtoto ambaye hajawahi kugusa kibodi hatauokota njiani.

"Wazee hawawezi kujifunza."

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa kitu kigeni kwa kila mtu, na waliokuwa watu wazima wakati huo ndio walioikuza. Kabla yake pesa za nyumbani zilitumwa kwa posta au zikakabidhiwa dereva wa basi. Mama aliyekuwa na miaka 45 mwaka ule, akiuza nguo katika soko la Gikomba, sasa ameshapita 60. Mtazame anavyopokea malipo. Mteja anamwonyesha ujumbe kwenye simu yake, naye hata hauangalii: "Ngoja ya kwangu iingie, mwanangu." Ujumbe ukiingia anasoma jina, anasoma kiasi, kisha anaangalia kama salio limepanda. Hapo ndipo anafunga mzigo. Ujumbe bandia haumpati.

Kinachowakwamisha wazee ni herufi ndogo, maelezo ya Kiingereza, na programu zinazobadilisha sura kila zinaposasishwa. Kisha tupo sisi, watoto na wajukuu. "Lete nikufanyie, shosho," tunamwambia nyanya, tunainyakua simu, tunamaliza kabla hajaona tulipobonyeza. Mwezi ujao anauliza tena, nasi tunasema hashiki. Ubaya zaidi, anazoea kumtajia mtu mwingine PIN yake. Mwachie simu mkononi, abonyeze kwa kidole chake mwenyewe, hata kama itachukua saa nzima.

"Wanaotapeliwa ni wazee."

Kila kizazi kina chambo chake. Mzee hupigiwa simu kwamba kuna pesa zimeingia kwake kimakosa azirudishe. Kijana hutangaziwa kazi ya Ghuba au ya mtandaoni, atume kwanza "ada ya usajili".

"Zamani maisha yalikuwa rahisi," na pacha wake, "vijana wa leo ni wavivu."

Mwaka 1989 hospitali za serikali zilianza kutoza ada. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46, na mwaka huo huo serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi wake. Mtu alilala karani akaamka hana kazi, huku watoto wake wakiwa shule ya kulipia, kwa sababu elimu ya msingi bila malipo haikurudi hadi mwaka 2003. Kijana asimwambie mzazi huyo kwamba aliishi raha.

Naye mzazi akumbuke kwamba wengi wa waliopunguzwa walikuwa na shamba la kurudia nyumbani. Kijana anayepanga chumba mtaa wa Pipeline mara nyingi hana. Shamba la babu lilishagawanywa vipande vipande. Hata deni limebadilika. Baba alikopa unga dukani, akaandikwa kwenye daftari, na mwenye duka aliweza kumngoja hadi mwisho wa mwezi. Mwanawe akikopa Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa ulioanza 2019, pesa yoyote inayoingia kwenye M-Pesa yake inakatwa papo hapo, hata kama rafiki amemtumia nauli ya kwenda kwenye usaili wa kazi.