Mtoto Anaombolezaje?

"Watoto hawaombolezi bwana, mwone huyo, si anacheza mpira?" Misibani kauli hii haikosekani, na kwa kawaida hutoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa.

Huzuni ni hali ya moyo. Kuomboleza ni yote anayopitia mtu hadi azoee kuishi bila aliyemkosa: huzuni imo, na hasira, woga, maswali, hata kicheko. Basi, maana ndiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba mtu mzima huweza kuzama katika huzuni siku nzima, ilhali mtoto huingia na kutoka. Atalia, kidogo ataomba mpira, usiku atauliza, "Bibi atarudi lini?" Walio chini ya miaka 5 hivi, wengi wao hawajaelewa kwamba aliyekufa harudi, ndiyo maana swali halimwishi. Ukimjibu "amelala", usishangae akianza kuogopa kitanda. Na zile hatua tano maarufu (kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni kuu na kukubali) za daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross (1969) zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Usimpimie nazo mtoto aliyefiwa.

Hadithi nazo tunazitumia vibaya. Tunatafuta ya kumsahaulisha mtoto, halafu tunaiita ya kumfariji. Mwandishi Katherine Paterson aliandika riwaya ya watoto, Bridge to Terabithia (1977), baada ya rafiki wa mwanawe kuuawa na radi. Humo Jess, mvulana wa miaka 10, anaambiwa rafiki yake Leslie amekufa maji. Kwanza anakataa katakata. Baadaye anampiga mdogo wake kwa kuuliza maswali, anakimbia na kuzitupa mtoni rangi alizopewa na Leslie. Anafika hata kusema anamchukia marehemu. Baba yake, ambaye kwa kawaida hambembelezi Jess, anampakata kama mtoto mdogo na kumwacha alie. Hakuna anayemdanganya kwamba Leslie amesafiri. Msomaji mdogo aliyewahi kumkasirikia marehemu kimyakimya hapo anagundua kwamba hayuko peke yake, na hiyo ndiyo faraja yenyewe.

Kwa hiyo ukimwona mtoto aliyefiwa yuko uwanjani, usiseme amesahau, sema amepumzika. Akileta hadithi ileile kwa mara ya sita, msomee tena, na akikwambia uruke ukurasa wa kifo, uruke bila kumhoji.